Mbabe Aliyesema Pole

Nimestaafu kuanguka. Sasa nikianguka itakuwa bahati mbaya tu, kama ya watu wengine, na hakuna atakayepiga kelele kwamba nirudie. Jumatatu iliyopita nilipeleka pedi zangu za magoti na viwiko kwa ajenti, nikaziweka mezani, nikaambiwa zinanuka. Ni kweli zinanuka. Zimefanya kazi.

Ninyi mnaobaki kwenye kazi hii ya kupigwa na kuangushwa mbele ya kamera hapa Guangzhou mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Habari za malipo, na za nani alipanda akawa nani, sitazigusa. Hizo mnazijua kuliko mimi. Nitaandika siku ya kwanza, vifaa, mwalimu wangu, na ile filamu ya barafu. Najua filamu ya barafu ndiyo mnayoitaka na mengine mtayaruka. Mkiyaruka, shauri yenu na viuno vyenu.

Sikuja huku kuigiza. Nilikuja kununua suruali za jinzi za duka letu la Mwanjelwa, Mbeya. Siku hiyo nilikuwa Guangyuan Xilu, kwenye yale majengo ya nguo za jumla, na wabebaji mizigo walikuwa wamenikataa kwa sababu nilibishana nao mno. Basi nikalitwika robota begani mwenyewe, nikashuka nalo ghorofa tatu. Mlangoni alisimama mama mmoja mwenye simu mbili. Akaniangalia kuanzia miguuni kwenda juu, kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani, akaniuliza kwa Kiingereza cha sokoni:

"Rafiki, unaweza kuanguka?"

Nikamwambia kuanguka kila mtu anaweza. Huo ndio uongo wa kwanza niliousema kazini.

Kesho yake nilikuwa jambazi. Bibi mmoja mwembamba alitakiwa anipige kwa fungu la vitunguu majani, nami niviringike ngazi kumi na mbili. Nilipoanza kwenda chini nilifanya kile kila binadamu anachofanya: nikatanguliza mikono. Nilipofika ngazi ya mwisho kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimeumuka kama andazi. Watu wote wakaendelea na shughuli zao. Akaja mzee mfupi, nywele fupi, sigara isiyowashwa imekaa sikioni, akachuchumaa mbele yangu.

"Unakula kwa mkono gani?" akaniuliza.

"Huu wa kulia."

"Sasa mbona umeuangukia? Mikono ni ya kulia chakula. Mwanamume huanguka kwa matako na bega."

Akasimama akaenda zake. Huyo ndiye Shifu Leung. Shifu ni neno ambalo huku wanamwitia fundi yeyote aliyeiva, awe wa magari, wa mapishi au wa ngumi. Yeye alikuwa wa ngumi na maanguko. Nilichomshangaa siku ile si ukali wake. Ni kwamba hakusema pole. Kwetu Tukuyu mtu akijikwaa mbele yako ukanyamaza, watu watadhani wewe ndiye uliyemtega. Unasema pole hata kama jiwe si lako, barabara si yako na mtu mwenyewe humjui. Nikajiambia, huyu mzee ni katili. Nilikosea, lakini nilichukua miaka kugundua, na lugha ilichangia.

Hata hivyo alinifundisha kila Jumapili baada ya ibada, nyuma ya bohari, juu ya marobota yetu wenyewe. Hili liandikeni: robota la jinzi ni jiwe, robota la fulana ni godoro, robota la sweta ni mbinguni. Anzieni kwenye sweta. Atakayewaambia muanze kwenye jinzi ili mkomae, mwombeni yeye atangulie. Pedi za dukani msizitegemee, zimeshonwa kwa ajili ya watu wa kimo kingine. Nendeni Zhongda, kule kwenye vitambaa, mwulizeni muuzaji sponji ngumu ya makochi, unene wa vidole viwili, mkashone wenyewe ndani ya fulana ya kubana. Zangu nilizishona kwa uzi wa kushonea viroba. Na asubuhi ya kazi kuleni uji, msile wali. Wali ukianguka nao, unarudi.

Shifu aliniita Dagezi, yaani jitu kubwa. Jina langu ni Ambakisye na alilijaribu mara moja tu.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Nimepigwa na watawa, na wapishi, na msichana wa shule aliyenizidi akili. Nimeanguka ndani ya bwawa la samaki mara saba kwa siku moja kwa sababu samaki hawakuonekana vizuri. Kisha ikaja filamu ya barafu.

Ilikuwa filamu ya vichekesho. Kuna jitu linabeba mizigo kwenye soko la nguo, lenye tabia ya upole, halijawahi kumpiga mtu. Timu moja ya hoki ya barafuni, ya daraja la chini kabisa, ambayo haijashinda mechi hata moja, inaliona likibeba marobota mawili kwa pamoja na kulichukua. Linavalishwa viatu vya visu na kuambiwa kazi yake si kufunga mabao. Kazi yake ni ubabe. Mchezo ule una mtu wa namna hiyo: kila timu ina kijana mmoja mdogo mwenye kipaji, wapinzani wanamwonea, basi timu inaweka mbabe wa kuwaonea waonezi. Jitu hilo nilikuwa mimi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilikuwa naangusha badala ya kuangushwa.

"Usifikiri kazi ya mbabe ni kupiga," Shifu aliniambia. "Kupiga ni chombo tu. Kazi ni kumtazama yule mdogo. Macho yako yasitoke kwake."

Sasa sikieni shida ilipokuwa. Mwongozaji, dada mmoja kijana asiyecheka ingawa alitengeneza vichekesho, alitaka mtu wa kutoka kaskazini asimamie mapigano, mtu aliyekulia kwenye barafu. Shifu ni mtoto wa Guangzhou, barafu aliijua kwenye ndoo ya samaki. Halafu kiuno chake kilikuwa kimeanza kumsumbua, na wote tulijua kwamba hiyo ni filamu yake ya mwisho. Aliingia kwa mwongozaji akasema barafu ni sakafu tu, na kwamba Dagezi anaweza. Uwanja ulikuwa ndani ya jengo la maduka huko Tianhe, na tulipewa asubuhi nne, kabla maduka hayajafunguliwa. Mwongozaji akasema sawa: asubuhi ya nne mapigano yasipokamilika, atampigia simu yule bwana wa kaskazini, na Shifu atakwenda nyumbani.

Miaka arobaini kazini, halafu kumaliza kwa kurudishwa nyumbani katikati ya kazi. Shifu hakulisema hilo. Alinunua kigoda cha plastiki cha buluu, akakiweka nje ya uwanja, nyuma ya kioo, jirani na mlango wa kuingilia barafuni, akakaa na chupa yake ya chai.

Utelezi haukunishinda. Mtu wa Tukuyu aliyekwenda shule kwa miguu mwezi wa nne, kwenye ule udongo, hafundishwi utelezi. Kwa wiki tatu za mazoezi nilijua kwenda, kusimama na kugeuka upande mmoja. Tuliamua mapigano yote yawe upande huo.

Asubuhi ya kwanza tuliwasha kamera. Nilimfuata nahodha wa wapinzani, mwigizaji mmoja mzoefu wa kuanguka kama mimi, nikambamiza kwenye kile kioo kirefu kinachozunguka uwanja, akashuka chini akikunja uso vizuri kabisa. Na mimi, bila kufikiri, nikasema:

"Pole!"

Uwanja mzima ukatawanyika. Wachezaji wakakimbia kila upande, mpiga picha akalala kifudifudi juu ya kamera, mwanamke wa vipodozi akajifunika kichwa kwa sanduku lake. Nikabaki peke yangu katikati nikitafuta nyoka.

Mnaosema Kichina mmeshaelewa. Huku kioo ni boli. Ukisema pole kwa haraka, na kinga ya meno ya mpira mdomoni, mtu wa hapa anasikia boli. Unambamiza mwenzako kwenye kioo halafu unapiga kelele "Kioo!" Nani atabaki?

Tukaeleza. Tukarudia. Nikasema tena pole. Wakakimbia tena, maana mwili hausubiri maelezo. Asubuhi ya kwanza ikaisha hivyo, na mlinzi wa jengo akaja kufungua milango ya maduka.

Mtauliza kwa nini nisinyamaze. Nilijaribu! Asubuhi ya pili niling'ata kinga ya meno mpaka taya likauma. Nilibana pumzi. Niliimba wimbo wa kwaya kimoyomoyo ili mdomo uwe na kazi nyingine. Lakini yule nahodha alijua kazi yake. Kila alipoanguka alitoa sauti ya mtu aliyevunjika kweli, na neno likachomoka lenyewe. Mara kumi, mara kumi na tano, kwenye kioo kilekile, kwa sababu kamera ilikuwa imepangwa pale. Mwongozaji alikuja akasimama mbele yangu.

"Huyu unamchukia," akaniambia taratibu. "Amemwumiza rafiki yako. Kwa nini unamwomba radhi?"

"Siombi radhi, daoyan," nikasema, maana ndivyo mwongozaji anavyoitwa huku. "Kosa si langu. Namwambia tu kwamba nimeona ameumia."

"Bu xing," akasema. Haifai. Halafu akamtazama Shifu, na Shifu akatazama chai yake. Hapo niliumia kuliko ngazi zote nilizowahi kuviringika. Mzee ameweka jina lake juu yangu, nami namwangusha kwa adabu.

Kipa wa timu yetu alikuwa Papa Dieudonné wa Lubumbashi, mnunuzi wa vitambaa, mtu mnene aliyechukuliwa kwa sababu alilijaza goli. Tulipokuwa tunavua viatu akanijia akicheka mpaka anafuta machozi.

"Mon frère, unamupiga mutu, kisha unamuambia pole? Mbabe gani iko na roho ya mama mukubwa?"

"Papa, nisaidie. Mzee atafukuzwa."

"Écoute, sikia. Weye hautabadilika, uko muzee. Tubadilishe bale bengine. Bantu bote bajue: Dagezi akisema boli, hapana kioo. Ni salamu. Na salamu inaitikiwa. Bataitika aksanti."

Asubuhi ya tatu Papa aliwapanga wote barafuni kama darasa la Jumapili, waigizaji, wapiga picha, mama wa vipodozi. Mimi nikasema pole, wao wakaitika. Kwa kuwa mwalimu alikuwa Mkongo walijifunza hivyohivyo, wakaongeza na chumvi yao: "Akisanti!" Baada ya mara kumi hakuna aliyeshtuka tena. Tukawasha kamera. Nikapiga, nikasema pole, uwanja ukaitika akisanti kwa sauti moja, na kazi ikaenda. Sauti ingefutwa baadaye. Tulichohitaji ni watu wasikimbie. Mapigano yote yakakamilika asubuhi ile isipokuwa moja, lile kubwa la mwisho. Shifu alininong'oneza kwamba usiku ule angepata usingizi. Nilifurahi hata nikapitia mtaa wa Yide Lu kumnunulia karanga.

Sasa asubuhi ya nne. Picha ilikuwa hivi: nahodha anamwangusha yule kijana mdogo, mimi natoka upande wa pili kwa kasi, nambamiza nahodha kwenye kioo. Kioo kilekile. Nyuma yake, nje, kigoda cha buluu na Shifu juu yake, chini ya upeo wa kamera. Tulirudia mara tatu kwa sababu ya taa. Mara ya nne nilikwenda vizuri kuliko zote. Nilipombamiza nikasikia mlio mdogo, *tek*, kama kifuniko cha soda.

Nikainua macho. Ule mpira unaoshika kioo kwenye nguzo ulikuwa umechomoka. Tulikuwa tumekigonga asubuhi nne mfululizo, na nyingi za mara hizo kwa sababu ya mdomo wangu. Kioo kizima, kizito kuliko robota la jinzi, kilikuwa kinaegemea nje polepole. Chini yake Shifu alikuwa ameinama anafungua chupa ya chai.

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, na kwa Kichina safi kuliko nilichowahi kusema sokoni: "Boli! Boli!"

Na uwanja wote, kwa sauti moja, ukaitika: "Akisanti!"

Shifu mwenyewe, bila kuinua kichwa, akapunga mkono wenye kifuniko cha chupa. "Akisanti, akisanti," akasema.

Sikuwa na neno lingine. Kwa hofu Kichina changu chote kilinitoka, kikabaki cha bei na vitambaa. Mlango wa uwanja ulikuwa hatua mbili, nikaupita nikiwa na visu miguuni juu ya sakafu ya zege, na kwa visu juu ya zege hakuna kukimbia, kuna kuanguka tu. Basi nikaanguka. Sikuangukia matako wala bega. Niliangukia mikono na magoti, kama meza, juu ya mzee na kigoda chake, na kioo kikanikuta mgongoni.

Sponji ya Zhongda ilifanya kazi yake. Kioo hakikuvunjika. Kilikaa juu yangu kama tofali la barafu, nami nikasikia mkono wa kulia unatoa mlio ambao nisingependa kuueleza. Uso wa Shifu ulikuwa chini ya wangu, karibu kabisa. Chai ilikuwa imemwagikia suruali yake.

"Dagezi," akasema. "Ulisema kioo?"

"Nilisema kioo."

"Kile cha Kichina?"

"Cha Kichina, Shifu."

Akafikiri. Watu walikuwa wameanza kukimbia sasa, kuja kukiinua. Yeye aliweka kiganja chake shavuni pangu, na akaliangalia jasho langu linavyomdondokea, na machozi yakamlengalenga.

"Pole," akasema. Hakusema boli. Alisema pole, kama mtu wa kwetu.

Kamera haikuzimwa. Mpiga picha alikuwa amefundishwa asikimbie, na hakukimbia. Mwongozaji alikuja kwanza kuniangalia mkono, nampa sifa hiyo, akaita gari la wagonjwa, ndipo akaenda kutazama kilichorekodiwa. Nasikia alikitazama mara tatu, na mara ya tatu akacheka kwa mara ya kwanza. Jitu linapiga mtu, linapiga kelele za hatari, dunia nzima inalishukuru kwa heshima, kioo kinaanguka. Hakuifuta sauti. Ndiyo sehemu ambayo watu huicheka zaidi mpaka leo, na mimi kila nikiiona mkono unawasha. Bwana wa kaskazini hakupigiwa simu. Mwisho wa filamu, jina la Shifu Leung lilitoka peke yake kwenye kioo cha sinema, mwalimu wa mapigano, herufi kubwa, nasi tulikuwa safu ya pili tukapiga makofi mpaka wenye ukumbi wakawasha taa.

Majuma sita nilifungwa plasta. Mkono wa kulia haukuweza kushika kijiko na wa kushoto sikuuzoesha. Kila mchana Shifu alipanda ngazi za nyumba yetu kwa kile kiuno chake, na uji wa wali wenye tangawizi kwenye kopo, akanilisha. Alinikaripia kila kijiko. "Mikono ni ya nini?" "Ya kulia chakula, Shifu." "Sasa mbona uliuangukia?" Kisha anapuliza uji, ananilisha tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba lile swali la siku ya kwanza pale ngazini lilikuwa pole yake. Hakuwa na neno, alikuwa na swali.

Mengine ya kuwafaa: mlango wa kutokea uujue kabla hujajua mistari yako. Kaza kila msumari unaokaribiana na kichwa cha mtu, hata kama si kazi yako. Na mkifundisha watu wa kigeni neno, wafundisheni na siku ya kutolitumia.

Mwezi uliopita mlinifanyia chakula cha kuagana. Papa Dieudonné alihutubia kwa Kifaransa na hakuna aliyemzuia. Shifu alikuja na fimbo, ameshikwa mkono na binti yake. Amevuka themanini sasa na masikio yanamsumbua. Mlipomwomba aseme neno, wengi wenu mlidhani atasimulia habari za kioo. Hakusimulia. Mlimwona alivyosimama, akaweka fimbo mezani, akasawazisha shati. Wengi wenu mlikuwa meza za mbali, mlisikia sauti tu, kwa hiyo nawaambia alisema nini. Sikumfundisha mimi, baadaye Papa alikiri kwamba mzee alimwuliza wiki nzima kwa simu, watu wa kwa Dagezi humwambia nini mtu aliyemaliza kazi.

"Ambakisye," akasema, jina zima, bila kukosea. "Pole na kazi."

Nilikuwa na hotuba mfukoni, kurasa mbili. Niliiacha humohumo.

"Nimeshapoa, Shifu," nikamwambia. "Nimeshapoa."